Matundu Manne: Historia Fupi ya Poti, na Jinsi Nilivyozipanga Zangu Hapa Mwabungo

Nilipotea kidogo, kazi zilinizidi. Leo sitazungumzia lugha za programu wala hifadhidata. Nataka tuzungumzie kitu ambacho wengi wetu hatukifikirii mpaka siku kinapoharibika, nacho ni yale matundu ya ubavuni mwa laptopu. Poti. Waingereza wanayaita kwa neno lile lile wanalolitumia kwa bandari, na sisi watu wa Pwani tunajua vizuri bandari ikifungwa ni nini hufuata.

Mimi nakaa Mwabungo, Kwale, kati ya Diani na Msambweni. Ni mahali pazuri sana pa kuandikia programu: pametulia, pana upepo, na samaki wabichi hawakosekani. Lakini si mahali pazuri pa kuweka chuma. Msimu wa kusi upepo huingiza unyevu wenye chumvi mpaka ndani ya nyumba, na chumvi haichagui. Inakula bawaba za mlango, inakula mabati, na inakula zile pini nyembamba zilizo ndani ya matundu ya laptopu yako. Huzioni zikiliwa. Unakuja kujua siku umechelewa.

KISA CHENYEWE

Nilikuwa na laptopu ya mtumba niliyoinunua nikiwa mwaka wa tatu chuoni. Ndiyo iliyonimalizia digrii na ndiyo iliyonipatia kazi yangu ya kwanza. Niliporudi nyumbani nikaanza kuwasaidia wavuvi wa huku kwetu kuhifadhi rekodi. Kwa wasiojua, chini ya kanuni za mwaka 2007 wavuvi wa Kenya hujipanga katika vikundi vya usimamizi wa fukwe, vile vinavyoitwa BMU, na mojawapo ya kazi zao ni kuandika samaki wanaoteremshwa: aina gani, kilo ngapi, wamevuliwa kwa chombo gani. Yote hayo yalikuwa daftarini.

Mjomba wangu ni mvuvi. Siku moja akaniambia, "Mwanangu, we si umesomea kompyuta? Hebu tutolee haya mambo kwenye makaratasi kabla panya hawajayamaliza." Nikaandika programu ndogo, nikaanza kuingiza madaftari ya miezi kumi na minne, usiku baada ya usiku, mpaka yakaisha.

Kikao kilipangwa Jumanne. Wavuvi walitakiwa waonyeshe rekodi zao ili ombi lao la friza kubwa la kuhifadhia samaki lisikilizwe. Jumatatu jioni nikachomeka chaja. Taa haikuwaka. Nikachomoa, nikachomeka tena. Kimya. Nikafanya yale sote tunayoyafanya: nikazungusha waya, nikauinamisha, nikaweka kitabu chini yake, nikaongeza na kiatu. Betri ilikuwa asilimia 11, na yenyewe ilikuwa ya ndani, haitoki bila kufungua mashine nzima. Saa tatu usiku skrini ikazima.

Najua mtaniuliza: je, nakala ya akiba? Ilikuwapo. Kwenye laptopu hiyo hiyo, folda nyingine. Nichekeni tu, nastahili.

Kesho yake alfajiri nilikuwa Ukunda kwa fundi. Akaifungua, akaangalia kwa lenzi, akatikisa kichwa. "Ndugu yangu, hili tundu la chaji limeoza, na limechomelewa kwenye mazabodi. Nikililazimisha litang'oka na njia zake. Tafuta bodi nyingine." Bei ya bodi ilikaribia bei ya laptopu nyingine ya mtumba. Diski aliitoa, na baada ya wiki kadhaa nilipata kifaa cha kuisomea, rekodi zote zikapatikana. Lakini kikao kilikuwa kimeshapita, na ombi la wavuvi likasubiri mwaka mwingine. Mjomba hakunilaumu. Alisema neno moja tu, nami nimekaa nalo mpaka leo: "Kumbe daftari halihitaji chaji."

Tangu siku hiyo nikawa na swali. Inakuwaje kitundu cha shilingi chache kiue mashine nzima? Imekuwa hivyo siku zote? Nikaanza kusoma, na nilichokikuta ni historia ndefu ya watu kuvutana juu ya jambo moja: tundu likifa, gharama aibebe nani?

ENZI ZA SLOTI

Zamani kompyuta hazikuwa hivi. Mwaka 1977 ilipotoka Apple II, ndani yake ilikuwa na sloti nane za kuingizia kadi. Kisa chake kinajulikana: Steve Jobs alitaka sloti mbili tu, moja ya printa na moja ya modemu, lakini Steve Wozniak aliyeibuni mashine akakataa kata kata. Wozniak alishinda, na haki ilikuwa yake. Mwaka uliofuata kifaa cha diski za floppy kilipotoka kiliunganishwa kwa kadi iliyoingia kwenye mojawapo ya sloti hizo. Wakati sloti zinachorwa hakikuwapo. Fikiria kama zingekuwa mbili!

Agosti 1981 IBM wakatoa PC yao ikiwa na sloti tano. Kwenye mashine ile hata tundu la skrini lilikaa juu ya kadi, na la printa vile vile. Likiharibika unatoa kadi, unaweka nyingine, kazi inaendelea. Tena IBM walichapisha maelezo ya jinsi sloti zinavyofanya kazi, kwa hiyo kampuni yoyote iliweza kutengeneza kadi. Huu ndio ukweli ambao vijana wengi hawaujui: poti zinazobadilishwa ndizo zilizotangulia, na zile za kuchomelewa zikaja baadaye.

Mwaka 1987 IBM wakatoa mashine za PS/2, na humo ndimo lilimozaliwa tundu la VGA, lile lenye pini 15 na skrubu mbili pembeni. Likumbukeni hilo, tutakutana nalo tena kwenye darasa la shule hapa Kwale.

LAPTOPU ZINAKUJA

Kompyuta zilipoanza kubebwa, nafasi ya kadi kubwa ikakosekana. Watengenezaji wakaanza kuyachomelea matundu moja kwa moja kwenye bodi. Lakini hata wao waliona tatizo, na mwaka 1989 wakaunda umoja ulioitwa PCMCIA. Mwaka uliofuata ukatoka muundo wa kadi nyembamba yenye upana na urefu wa kadi ya benki, milimita 85.6 kwa 54, na pini 68. Unaisukuma ubavuni mwa laptopu, inakuwa modemu, au mtandao, au hifadhi. Jina lilikuwa gumu kiasi kwamba watu walilifanyia mzaha, na baadaye likarahisishwa kuwa PC Card.

Kadi zile zilikuwa na udhaifu mmoja. Zilikuwa nyembamba mno kuingiza plagi ya simu au ya mtandao, kwa hiyo nyingi zilining'iniza kiwaya kifupi nje. Kiwaya kikikatika, kadi nzima haina kazi. Wakati huo huo, katikati ya miaka ya 1990, ThinkPad za IBM zilikuwa na nafasi ya UltraBay: unatoa floppy, unaweka kisomeo cha CD, au unaweka betri ya pili. Wazo zuri, lakini vifaa vyake vilikuwa vya ukoo wa ThinkPad peke yake.

Januari 1996 ikatoka USB. Mmoja wa waliotangulia kuisukuma ndani ya Intel ni Ajay Bhatt, mhandisi mzaliwa wa India. Nia ilikuwa tundu moja kwa kila kitu: kipanya, kibodi, printa, kamera. Mwaka 1998 Apple wakatoa iMac iliyoyatupa matundu yao yote ya zamani na kubakiza USB, na dunia ikafuata.

Sisi huku tuliijua USB kwa jina jingine: modemu. Mwaka 2009 nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa, na miaka ile kila mtu mjini akawa na kile kijiti cha intaneti cha kuchomeka ubavuni. Kaka yangu alikuwa nacho kimoja, na nyumba nzima tulikigombania. Hapo ndipo nilipoona kwa mara ya kwanza tundu likilegea. Modemu ililazimika kushikiliwa kwa raba ili isikatike. Baadaye nilikuja kusoma kwamba tundu la kawaida la USB-A liliwekewa kiwango cha kuvumilia kuchomekwa na kuchomolewa mara 1,500 tu. Piga hesabu: mara mbili kwa siku, miaka miwili na siku chache, umeyamaliza. Hilo ni kabla ya kutaja chumvi.

LIKONI YA LAPTOPU

Agosti 2014 ukakamilika muundo wa USB-C. Tundu dogo, halina juu wala chini, linapitisha umeme wa chaji, picha ya skrini na data, yote kwa pamoja, na limewekewa kiwango cha mara 10,000. Ni kazi nzuri sana ya uhandisi. Lakini kilichofuata ni tamaa. Mwaka 2015 Apple wakatoa MacBook yenye USB-C moja tu, pamoja na tundu la sauti. Mwaka 2016 MacBook Pro nayo ikabaki na USB-C na tundu la sauti peke yake. Kampuni nyingi zikaiga.

Ndugu msomaji wa Pwani ya Kusini, unaijua feri ya Likoni. Inavusha watu tangu 1937. Kwa miaka mingi ukitaka kwenda Mombasa kwa njia fupi, njia ilikuwa hiyo moja: mgonjwa, mwanafunzi, lori la saruji, mtalii anayekimbilia ndege, wote foleni moja. Feri moja ikiharibika, Kwale nzima inasimama. Ndiyo maana barabara ya Dongo Kundu ilipokuja watu walishangilia. Sasa laptopu yenye tundu moja ndiyo Likoni yenyewe. Chaji inapita hapo, projekta hapo, flashi hapo. Siku tundu hilo linapolegea umefungiwa ng'ambo.

Hata Apple walirudi nyuma kidogo. MacBook Pro za mwaka 2021 zilirudishiwa HDMI, sehemu ya kadi ya SD, na chaja yao ya sumaku.

WALIOLIONA TATIZO HUKU KWETU

Usidhani kwamba suala hili liliwahusu watu wa California tu. Laptopu ya watoto ya mradi wa OLPC, ile ya kijani na nyeupe iliyoanza kutolewa mwaka 2007, ilikuwa na antena mbili mfano wa masikio ya sungura. Zile antena ukizikunja zilifunika matundu ya USB ili vumbi lisiingie. Rwanda ni mojawapo ya nchi za Afrika zilizozipokea kwa wingi. Wabunifu walishajua adui ni nani.

Nairobi nako, kampuni ya BRCK iliyotokana na Ushahidi ilichangisha fedha mwaka 2013 ili itengeneze kisanduku cha intaneti chenye betri yake, kilichobuniwa kwa maeneo ambayo umeme unakuja na kuondoka. Kilikuwa na sehemu ya laini ya simu, poti ya Ethaneti, USB, na pini za kuunganishia vihisi. Mwaka 2015 wakatoa Kio Kit, sanduku moja lenye tableti 40 za shule. Na tableti zile zilichajiwaje? Bila waya! Unairudisha kwenye nafasi yake ndani ya sanduku, inachajiwa. Mtu yeyote aliyewahi kuona watoto arubaini wakigombania waya za chaji ataelewa. Tundu ambalo halichomekwi haliwezi kuvunjika.

Kwa hiyo tuna majibu matatu: lifunike tundu, liondoe kabisa, au liweke mahali ambapo likifa linabadilishwa. Hili la tatu ndilo Wozniak alilolipigania 1977, nasi tulilisahau.

WALIOJARIBU WAKAANGUKA

Kabla hamjakimbilia kununua chochote kinachoitwa cha vipande, someni makaburi kwanza. Mwaka 1999 Handspring walitoa kompyuta ya kiganjani iitwayo Visor, yenye sloti ya Springboard nyuma. Ungeweza kuweka kamera au hata simu. Miaka michache baadaye kampuni ikaachana nayo, na vipande vyote vikawa mapambo ya kabati. Google walianza Project Ara mwaka 2013, simu ya vipande vya sumaku, na mwaka 2016 wakaifuta kabla haijafika sokoni. Mwaka huo huo LG wakatoa simu ya G5 yenye sehemu ya chini inayochomoka. Haikupata mrithi.

Kwa nini wote walianguka? Sababu ni nyingi, lakini mimi naiona moja inayojirudia: kipande kilikuwa na umbo la kampuni moja. Kampuni ikichoka, kipande kimekufa. Linganisha na plagi ya ukutani. Ile yetu ya pini tatu bapa ilianza kama kiwango cha Uingereza mwaka 1947, na leo naingia duka lolote la Ukunda nanunua plagi bila kuuliza imetengenezwa na nani. Kipande kinaishi iwapo kiwango kilicho chini yake kinaishi bila yule aliyekitengeneza.

MATUNDU MANNE

Februari 2021 mhandisi Nirav Patel, aliyewahi kufanya kazi Oculus, alitangaza laptopu ya kampuni yake mpya, Framework. Ilianza kuwafikia wanunuzi Julai mwaka huo. Ubavuni ina nafasi nne za mraba, mbili kila upande, na kila nafasi unaiwekea kadi uitakayo: USB-C, USB-A, HDMI, DisplayPort, microSD, hifadhi, na baadaye ikaja Ethaneti. Kubadilisha hakuhitaji fundi. Unabonyeza kitufe chini ya mashine, unavuta kadi, unasukuma nyingine, na mashine ikiwa inawaka. Ile kubwa zaidi iliyofuata mwaka 2024 ina nafasi sita.

Nilipoisoma mara ya kwanza nilisema, hawa nao ni Project Ara nyingine. Kisha nikaona kilicho ndani. Kila nafasi, ukichungulia, ina tundu la USB-C la kawaida kabisa! Kadi yenyewe ni adapta iliyokatwa vizuri ili ikae sawa na ubavu wa mashine. Maana yake kadi hiyo naweza kuichomoa na kuichomeka kwenye laptopu nyingine nyingi zenye USB-C, ikafanya kazi. Michoro ya kadi wameiweka wazi, na watu duniani wanatengeneza za kwao. Kampuni ikifa kesho, kadi zangu hazifi nayo. Hapo nikanyamaza.

Mtu atasema, habu ya bei nafuu kutoka Ukunda si ingefanya kazi hiyo hiyo? Kwa data, ndiyo, na kama una habu sikwambii uitupe. Lakini habu inaning'inia kwenye tundu lililochomelewa, na kila mvuto wa waya unaliumiza tundu hilo. Kwa mpangilio wa kadi, tundu la bodi limekaa ndani, halivutwi kila siku, na upepo haulipigi moja kwa moja. Kinachochakaa ni kadi, na ya bei nafuu iliuzwa takriban dola 9. Hiyo ndiyo tofauti kati ya kununua kadi na kununua bodi.

Yangu niliipata kupitia shemeji yangu anayefanya kazi Hamburg. Alikuja likizo akiwa nayo begani, toleo la mwaka 2023 lenye prosesa ya AMD. Nililipa kwa awamu, na shemeji ni mtu wa subira, Mungu ambariki.

JINSI NILIVYOYAPANGA

Hapa ndipo nilipodhani ni rahisi. Nafasi nne, kadi nne, weka popote. Siku ya kwanza nikachomeka HDMI mbele, nikaunganisha skrini, giza. Nikawasha na kuzima mara tatu kabla ya kufungua mwongozo, na mwongozo ulikuwa umesema wazi. Kwenye toleo hili nafasi hazifanani. Mbili za nyuma ni USB4, zenye kasi na uwezo wote. Za mbele ni USB 3.2, na moja kati ya hizo haitoi picha. Zote nne zinapokea chaji. Tena kadi ya USB-A ukiiweka nyuma inakula betri zaidi. Kwa hiyo kabla hujapanga, soma ramani ya mashine yako, kwa sababu matoleo ya Intel yalikuwa na mpangilio tofauti.

Baada ya kukosea mara kadhaa, nimefika hapa:

Nyuma kushoto: USB-C ya chaji. Meza yangu ina soketi upande wa kushoto, na umeme ukikatika, pawabenki nayo hukaa kushoto. Waya haupiti mbele ya mkono, kwa hiyo haukwazwi.

Nyuma kulia: HDMI. Madarasa tunamofanyia vikao yana projekta za zamani, na tundu lake ni lile lile la VGA la mwaka 1987! Kwa hiyo ndani ya mkoba mna adapta ya HDMI kwenda VGA. Miaka karibu arubaini, na pini 15 bado zinadai haki yake.

Mbele, upande mmoja: USB-A. Flashi za wateja, printa ya ofisi ya jirani, kipanya. Watu wanasema USB-A imekufa. Waje Kwale.

Mbele, upande wa pili, ule usiotoa picha: microSD. Hii haihitaji kutoa picha, kwa hiyo hakuna ninachopoteza. Simu tunazoandikia samaki ufukweni hazina bando kila siku, rekodi zinakaa kwenye kadi ya microSD, jioni mjomba ananiletea.

Mkobani nina USB-C ya pili, na Ethaneti kwa siku ninazokwenda kufanya kazi mahali penye waya. Zote ziko ndani ya kopo la plastiki lenye kifuniko cha kubana, pamoja na vile vifuko vidogo vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Msivitupe vile!

Kanuni zangu, kwa wanaotaka kuziiga, ni tatu. Kwanza, andika kwa wiki moja kila kitu unachokichomeka, usipange kwa kukisia. Mimi nilidhani nahitaji Ethaneti kila siku, kumbe ni mara mbili kwa mwezi. Pili, kinachochomekwa mara nyingi zaidi kiwe ndicho chenye kadi ya akiba. Tatu, chaji isiwe na njia moja. Kama laptopu yako inaweza kuchajiwa pande mbili, zoea kubadilisha, ili upande mmoja usichakae peke yake.

Na kama huna uwezo wa laptopu ya namna hii (wengi hatuna, mimi mwenyewe ni kwa hisani ya shemeji), bado unaweza kutumia fikra hiyo. Weka kiungo kifupi cha bei nafuu kwenye tundu lako la USB na ukiache hapo hapo, uwe unachomeka kwenye kiungo. Kinachochakaa kitakuwa kiungo. Na unaponunua ya mtumba, muulize muuzaji: tundu la chaji limechomelewa kwenye bodi, au lina kibodi chake kidogo peke yake? Laptopu nyingi za kiofisi za zamani zina la kujitegemea, na fundi hulibadilisha kwa muda mfupi. Swali hilo moja lingeniokoa mimi.

Wazungu nao wameanza kulitungia sheria. Umoja wa Ulaya uliamua USB-C iwe tundu la chaji la pamoja, simu zikaanza Desemba 28, 2024, na laptopu zikapangiwa Aprili 28, 2026. Ni hatua nzuri, lakini sheria hiyo inasema umbo la tundu. Haisemi kwamba tundu likifa liweze kubadilishwa bila kununua bodi.

MWISHO

Msimu wa kusi uliopita ile kadi ya chaji ilianza kufanya ukaidi. Niliitoa, nikakuta pini zimeota kijani. Kikao cha wavuvi kilikuwa saa mbili zijazo. Moyo ulinipiga kwa mazoea. Kisha nikafungua kopo, nikachukua USB-C ya akiba, nikaisukuma, taa ikawaka. Sekunde chache tu. Nikabaki nimeketi naitazama.

Kikaoni rekodi zote zilionekana ukutani, miezi yote, kupitia HDMI, kupitia adapta, kupitia VGA ya mwaka 1987. Safari hii ombi limepokelewa. Friza bado halijafika, tunasubiri. Nakala za akiba sasa ziko mahali patatu, na pamoja na hayo mjomba hajaliacha daftari lake. Simlaumu.

Njiani tukirudi nilimweleza habari ya kadi. Akaichukua, akaigeuza geuza mkononi, akaniambia, "Hii sasa umeifanya kama ngalawa. Kamba ya mrengu ikikatika, unafunga nyingine. Hutupi chombo." Mimi nimesoma miaka minne chuoni na sikuwahi kuambiwa kwa ufupi namna hiyo.

Haya, kwa leo niishie hapa. Nenda ukatazame matundu ya laptopu yako kwa tochi, sasa hivi, kabla hujasahau. Na ukishatazama, fanya nakala ya akiba. Tuonane tena panapo majaliwa.